Mlango Mwembamba wa Kipimoni

Katika nchi ya Kipimoni watu hawaulizani habari za asubuhi. Huulizana "Umepungua?" na jibu la adabu ni "Napambana." Anayejibu "Mzima, sijui wewe" hutazamwa kama mtu aliyepiga chafya ndani ya chungu cha mboga.

Mwalimu Leokadia Mapunda hakuyajua hayo siku alipowasili na mumewe. Namna walivyosafiri tuiache. Safari ndefu zote zinafanana, vumbi na miguu kuvimba, na waliokwisha kuzisimulia wamezisimulia vya kutosha. La maana ni kilichompeleka.

Leokadia alikuwa mwalimu wa kwaya, na alikuwa mnene. Nasema mnene bila kupepesa macho kwa sababu ndivyo alivyojisema mwenyewe, kwa sauti ileile aliyotumia kusema kwamba alikuwa mrefu na kwamba alizaliwa Jumanne. Kilichomsumbua ni pumzi. Kwaya yake ilikuwa na wimbo wa mavuno wenye mstari mmoja mrefu ambao sharti uimbwe bila kuvuta pumzi katikati: "Tumelima, tumepanda, tumepalilia, tumevuna, na leo tumeleta." Zamani aliumaliza mstari ule na kubakiwa na pumzi ya kuwakaripia wenye besi. Sasa alikuwa akiishia "tumepalilia." Akilala, pumzi ilikatika kabisa hata mumewe akawa anamtikisa bega kwa hofu. Sukari ilikuwa imepanda, magoti nayo yalikuwa yamegoma. Daktari wa kwao, kijana mwenye haya, alimwambia kwamba Kipimoni kuna hospitali kubwa inayotibu unene tu, haina kazi nyingine.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Leokadia alisema, akafunga mizigo.

Mumewe, Bonaventura, alifuatana naye ili aibebe mizigo hiyo. Huyu alikuwa mwembamba kama ufito na alikula chakula cha watu watatu. Ugali, maharage, mpaka ukoko wa sufuria, vyote viliingia na havikujulikana vilikokwenda. Kwenye sherehe watu walimwongezea yeye wali huku wakimtazama mkewe. Leokadia alikwisha kujifunza kuchukua kijiko kimoja tu mbele za watu, na kula nyumbani baadaye, amesimama, mlango umefungwa.

Hospitali waliikuta, na ilikuwa jengo la kupendeza kweli, limepakwa chokaa nyeupe, lina madirisha mengi na bendera. Ajabu ilikuwa mlango. Ulikuwa mwembamba kiasi kwamba mtu wa kawaida alipita kiubavu, na juu yake palikuwa na maandishi ya dhahabu: HUDUMA NI KWA WALIO NA NIA. Mbele ya mlango ulikuwepo uwanja mpana wenye mabenchi, na mabenchi yalijaa wanene wa kila namna, wazee kwa vijana, wamekaa kwa utulivu wa watu waliokaa siku nyingi.

Ofisa wa uwanja aliwajia akitabasamu. Aliitwa Bwana Makaribisho. Naye alikuwa mpana, kanzu imembana kifuani, na mkononi alikuwa na kofia mbili, moja nyeupe na moja nyeusi.

"Umepungua, Mama?"

"Ndiyo kwanza nafika, baba," alijibu Leokadia. "Hii ndiyo hospitali ya wanene?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Na mlango ni huu?"

"Ni huu."

"Sasa mnene anaingiaje?"

"Akipungua," alisema Bwana Makaribisho kwa upole, kama anayemweleza mtoto kwamba jua huchomoza asubuhi. "Mlango unapima nia. Aliyepungua ameonyesha nia. Huyo anaingia, anatibiwa."

"Anatibiwa nini?"

"Unene, Mama."

Leokadia alimtazama mumewe. Bonaventura alikuwa ameshaona bakuli la sambusa na hakuwa amesikia neno.

Hapo ndipo walipoijua Sheria ya Sinia. Watu wa Kipimoni ni wakarimu kupita kiasi. Imeandikwa katika katiba yao kwamba anayengoja mbele ya mlango wowote sharti aletewe sinia, na anayelirudisha likiwa na kitu amemtukana mwenye mlango. Basi Bwana Makaribisho alivaa kofia nyeupe, akaleta pilau, sambusa, maandazi na mtungi wa sharubati. "Karibuni, karibuni, mgeni njoo mwenyeji apone! Mama, mbona unadonoa? Unatuonea haya?" Alisimama pale mpaka sinia likang'aa. Kisha alivua kofia nyeupe, akavaa nyeusi, akakunja uso.

"Jamani, Mama! Pilau lote lile? Huna hata huruma na moyo wako? Ndiyo maana uko hivi ulivyo!"

Leokadia alidhani mzaha. Haukuwa mzaha. Kumbe ofisa yule aliajiriwa kwa kazi mbili, karimu na mkaripiaji, na alizifanya zote kwa uaminifu, kuanzia benchi la kwanza hadi la mwisho, asubuhi, mchana na jioni. Mzee aliyekaa jirani alimnong'oneza kwamba siku aliyofika yeye alikaribia kabisa kupita mlango ule. Kilibaki kidole. Sasa, baada ya masinia ya kungoja, hata benchi lilikuwa limeanza kumlalamikia.

"Niachie mimi," Bonaventura alimwambia mkewe, akijifuta mdomo. "Naingia humo ndani, naongea na wakubwa, natoka. Kaa hapa, Mama Tekla."

Alipita mlango ule bila hata kugeuka ubavu. Ndani zikasikika ngoma na vigelegele, mlango ukafungwa, na Bonaventura hakutoka.

Leokadia alingoja, na kwa kuwa alingoja, aliletewa sinia.

Jambo jingine lililompa kazi ya kusikiliza lilikuwa Baraza. Juu ya mlango palikuwa na roshani, na hapo wakubwa wa Kipimoni walikaa kila siku wakijadili matibabu ya wale waliokaa chini yao. Kulikuwa na pande tatu. Wanakisu walisema tumbo ni mfuko, na mfuko mkubwa hupunguzwa kwa fundi. Likatwe, lishonwe, mambo yaishe. Wanasindano walisema njaa ni mbwa anayebweka kichwani, na mbwa hufungwa kwa sindano moja kila wiki. Kisu ni ushenzi. Wanajitihada walisema hakuna haja ya kisu wala sindano, kinachotakiwa ni kufunga mdomo. Msemaji wao alisema hayo akiwa na andazi mdomoni, kwa sababu hata roshani ni mahali pa kungoja, na Sheria ya Sinia haichagui.

Mkuu wa Baraza, Mheshimiwa Tambo, alikuwa jitu la mtu. Kiti chake kilikuwa benchi. Yeye aliamua kwamba mnene asitibiwe kwa njia yoyote mpaka pande tatu zikubaliane, ili asije akatibiwa kimakosa. Ubishi huo ulianza enzi za babu yake na ulikuwa bado mbichi. Wembamba haukuwa na ubishi wowote, kwa hiyo wembamba walitibiwa.

"Mnawatibu nini?" Leokadia alipaza sauti kutoka benchini.

Baraza zima liliinama kumtazama. Haikuwa kawaida benchi kuuliza.

"Mama," alijibu Mheshimiwa Tambo, "walio ndani ni mfano mwema. Tunawapunguza zaidi, ili muwatamani."

Siku ya pili yake dirisha moja la juu lilifunguka, akatokeza Bonaventura amevaa gauni la kijani, uso umemsawijika.

"Mama Tekla! Wamenipiga sindano!"

"Ya nini?"

"Sijui! Wanasema nina nia kubwa ajabu, hawajawahi kuona mtu amepita mlango kirahisi vile. Wameniletea ugali, nikautazama." Alishika kizingiti cha dirisha. "Nikautazama tu, Mama Tekla. Sikuutaka!"

Katika ndoa yao mtu huyu alikula siku ya msiba wa mama yake mwenyewe, akilia na kula kwa pamoja.

"Na kesho asubuhi," aliendelea Bonaventura, "wananikata tumbo. Wanasema lililopo ni kubwa mno kwa mtu mwenye nia kama yangu. Mke wangu, nitoe humu!"

Dirisha likafungwa na mkono usioonekana. Uwanjani watu walipiga makofi, kwa kuwa ndivyo desturi ilivyotaka mgonjwa anapotangaza upasuaji wake.

Leokadia aliinuka. Alikwenda mlangoni, akajaribu kupita kwa bega, kisha kwa bega jingine. Alibana pumzi, pumzi yenyewe hiyo hiyo iliyomleta, akabaki ameshikwa kifua nje na mkono ndani. Watu wawili wa benchini wakamvuta nje. Nyuma yake Bwana Makaribisho, kofia nyeusi kichwani, alikuwa akisema, "Ungeanza mapema, Mama, ungeanza mapema." Alikaa chini akalia. Alilia kwa hasira, maana mtu wake alikuwa anakwenda kukatwa tumbo lisilo na kosa, na yeye mwenye tumbo alikuwa analetewa maandazi.

Kweli, aliletewa. Bwana Makaribisho alibadilisha kofia, akaweka sinia magotini pake. Lilikuwa sinia kubwa, la watu sita, moshi unapaa. Leokadia alilitazama sinia. Kisha aliutazama mlango.

"Bwana Makaribisho, chakula hiki kinapikwa wapi?"

"Jikoni, Mama."

"Jiko liko wapi?"

"Ndani ya hospitali."

"Sinia hili limepita pale?"

Bwana Makaribisho alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Pale! Lingemwagika lote! Kuna geti la jikoni, huko nyuma. Geti pana, hata mkokoteni wa kuni unapita. Waheshimiwa nao hupita huko huko. Mheshimiwa Tambo utampitisha wapi pengine?"

"Na sisi kwa nini hatupiti?"

Bwana Makaribisho aliiokota kofia yake. Ni wazi kwamba aliitafuta sheria kichwani na hakuiona. "Hapana marufuku," alisema hatimaye. "Ila, Mama... nani aliye kama sisi atakubali kuonekana mchana kweupe anaelekea jikoni?"

Mabenchi yote yaliinamisha macho. Geti lilikuwa wazi tangu enzi za babu yake Tambo. Aibu ndiyo iliyokuwa bawabu wake.

Nami siwacheki watu wale, na Leokadia hakuwacheka. Aliijua aibu ile vizuri. Alizijua sherehe za kijiko kimoja cha wali, na mlango wake wa nyumbani anaoufunga ndipo ale. Angekuwa anakwenda kwa ajili ya magoti yake pengine angekaa benchini hadi kiama. Lakini Bonaventura alikuwa juu kule, hatamani ugali. Alilishika lile sinia kwa mikono miwili, akalibeba juu juu ili kila mtu alione, akaanza kuzunguka jengo.

"Mwoneni!" msemaji wa Wanajitihada alipiga kelele kutoka roshanini. "Nilisema nini? Jikoni huyo!"

"Jikoni huyo!" Baraza liliitikia, na hapo kwa mara ya kwanza pande tatu zilikubaliana.

Ulikuwa mwendo mrefu. Magoti yalimuuma, jasho likamtoka, alisimama akahema, akaendelea. Vicheko vilimfuata hadi kona. Baada ya kona havikusikika tena, na mbele yake palikuwa na geti pana, na mpishi mmoja aliyekuwa anamenya vitunguu.

"Nimerudisha sinia," alisema Leokadia.

"Weka hapo, mama," alijibu mpishi, na hakuinua hata kichwa.

Alipita jikoni akaingia ndani, akamkuta Bonaventura amelala juu ya kitanda cha magurudumu, tumbo limechorwa mistari kwa wino. Pembeni alisimama daktari mpasuaji, mwanamke mfupi mwenye miwani aliyeitwa Daktari Stahimili. Alipomwona Leokadia mlangoni, aliangusha kalamu.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Mgonjwa!"

"Mgonjwa wangu ndiye huyo," alisema Leokadia. "Namtaka, na tumbo lake lote."

"Mchukue, mchukue," alisema daktari, tayari amemvutia Leokadia kiti, na kiti kilikuwa kipana, kina vumbi la kutokaliwa. "Mama, nimesomea unene ujana wangu wote. Nina vitanda imara vimejaa stoo. Mizani ninayo, sindano ninazo, kisu ninacho. Ninaoletewa ni vijiti vitupu. Kila mwaka naomba mlango upanuliwe, kila mwaka wananisifu kwa nia yangu." Alivua miwani akaifuta. "Nikuulize kitu ambacho sijapata kumuuliza mtu. Unataka nini?"

Leokadia aliketi kwenye kiti kile. Tangu aanze kuumwa alikuwa ameambiwa mengi, na watu wa kila aina, hata wauza nyanya. Swali lilikuwa geni.

"Pumzi," alisema. "Nataka kumaliza mstari."

Alimwimbia ule wa mavuno, akaishia palepale, "tumepalilia." Daktari hakutabasamu. Alimpima, akasikiliza kifua, akauliza anavyolala, mama yake alikuwaje, na dawa gani anameza. Kisha alimweleza mambo bila kuyapamba. Unene wake ulikuwa ugonjwa wenye mizizi mingi, katika damu, katika ukoo, katika chakula na usingizi, na mdomo ulikuwa mzizi mmoja tu. Sindano hutuliza njaa, huweza kuleta kichefuchefu, na ukiiacha kilo hupenda kurudi. Upasuaji hulifanya tumbo kuwa dogo, una hatari zake, na baada yake utakula kidogo kidogo na kumeza vitamini maisha yote. Vyote viwili vinataka chakula cha busara na miguu inayotembea, na vyote viwili vinataka daktari wa kurudi kwake.

"Si miujiza," alisema Daktari Stahimili. "Wala si adhabu. Ni matibabu. Utachagua wewe, si leo, ukishafikiri."

Leokadia alifikiri, akachagua. Alichochagua ni siri yake hadi leo, na nitaiheshimu. Kipimoni walitaka kupasuka kwa kutojua. Mheshimiwa Tambo alimwita rasmi mbele ya Baraza, naye Leokadia akapitia geti la jikoni kama wao, wakamkalisha katikati.

"Ni kisu?" waliuliza Wanakisu.

"Ni sindano?" waliuliza Wanasindano.

"Au ulifunga mdomo?" waliuliza Wanajitihada, wakitafuna.

"Mheshimiwa," Leokadia alimwambia Tambo, "unaongozaje watu huku unahema hivyo umekaa? Ukitaka kujua nilichotibiwa, njoo kwa daktari uulizwe unachotaka. Hili tumbo ni langu, halina msemaji."

Tambo alikohoa, akaagiza sinia. Baraza likaahirishwa kwa ajili ya chakula.

Mvua zilikuja zikapita. Bonaventura, sindano ilipomwisha mwilini, alilia machozi mbele ya sahani ya ugali kama aliyekutana na ndugu. Leokadia alipungua kiasi chake. Bado alikuwa mwanamke mkubwa, yeyote angeliona hilo kutoka ng'ambo ya barabara. Lakini ngazi alizipanda, na alilala hadi asubuhi bila mtu kumtikisa bega.

Siku ya kuondoka mji mzima ulijaa mbele ya mlango mwembamba. Desturi yao ni kwamba aliyepona sharti atoke kwa mlango ule, watu wahesabu anapita au hapiti. Roshani ilijaa. Ngoma ziliwambwa. Walingoja, na masinia yakapita. Mlango haukufunguka.

Kisha, kutoka nyuma ya jengo, waliisikia sauti ya mwanamke. "Tumelima, tumepanda, tumepalilia, tumevuna, na leo tumeleta." Mstari mzima, kwa pumzi moja, na mwisho wake ulivutwa kwa makusudi, ulivutwa mno, ili kila aliyekaa benchini ajue kwamba ilibaki nyingine.

Mzee wa benchi la mbele ndiye aliyeinuka kwanza. Aliweka sinia lake chini, bado limejaa, akaanza kuzunguka jengo. Wa pili akainuka, na wa tatu, kisha mabenchi yote. Huko roshanini mtu alijaribu kupiga kelele "Jikoni hao!" lakini walikuwa wengi mno kuchekwa.

Leokadia alikuwa amesimama getini na mumewe, mizigo miguuni, akiwapisha. Wa mwisho kuja alikuwa Bwana Makaribisho. Alikuwa kichwa wazi, kofia moja katika kila mkono, na alionekana hajui avae ipi.

"Nisamehe, Mama," alisema. Alitazama nyuma kama kuna wa kumsikia. "Hata mimi nikilala, pumzi inakatika."

Leokadia alizipokea zile kofia, akazitupa kwenye kapu la maganda ya vitunguu, akamshika ofisa mkono na kumpeleka kwa daktari.